Kabla ya Kuilaumu Santuri, Itazame Sindano

MAZINDE, chini ya milima ya Usambara, ni mahali pa joto na vumbi. Barabara kuu itokayo Korogwe na Mombo kwenda Same hupita hapo, na njia ya reli ya Tanga hadi Moshi hupita hapo pia, mlima ukiwa upande mmoja na mkonge upande wa pili. Ukiinua macho utauona ukingo wa mlima, na huko juu, katika Wilaya ya Lushoto, kuna Mazinde Juu, mahali pa baridi na ukungu. Majina ya sehemu hizi ni ndugu, lakini hewa zake hazifanani hata kidogo.

Mwenye santuri za zamani akikaa bondeni hupigana na vumbi na jua. Akikaa mlimani hupigana na unyevu na kuvu. Maadui hao wawili wanafahamika. Lakini yuko adui wa tatu, ambaye huishi katika nyumba za bondeni na za mlimani pia, na mwenye nyumba humfuga mwenyewe bila kujua. Adui huyo ni sindano iliyochakaa au iliyofungwa vibaya.

Ndugu msomaji, makala haya yamekusudiwa kwa yule ambaye nyumbani kwake, juu ya kabati au chini ya kitanda, imebaki mashine ya santuri ya baba au ya babu, pamoja na rundo la santuri zilizofungwa kwa kamba. Huenda siku moja umeiwasha, ukasikia mikwaruzo tupu na mwimbaji akikoroma badala ya kuimba, ukasema, "Santuri hizi zimekwisha." Pengine zimekwisha kweli. Lakini mara nyingi santuri haina kosa, na kosa liko katika kitu kidogo kuliko punje ya mtama ambacho hakuna aliyekitazama kwa miaka 20.

HAZINA ISIYOCHAPWA TENA

Kwanza tujiulize: kuna haja gani ya kujisumbua, ilhali siku hizi nyimbo zimejaa katika simu?

Haja ipo. Mkonge ulipoletwa nchini mwaka 1893, ukaenea katika bonde la Pangani, ulivuta watu kutoka pembe nyingi za nchi kuja kufanya kazi mashambani. Tanga, mji uliotajirishwa na mkonge, ukawa pia mji wa muziki. Huko ndiko zilikokulia bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na huko ndiko kikundi cha taarabu cha Black Star, pamoja na sauti ya Bibi Shakila, kilikojipatia sifa iliyovuka mipaka. Nyimbo za bendi kama hizi ziliwafikia watu kwa njia mbili, yaani kwa redio na kwa santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande.

Santuri hizo nyingi zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwezi Februari 1977, njia yake ikawa nyembamba, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Baadaye kaseti zikatawala soko, na enzi ya kuchapa santuri ikapita. Chache zimetolewa upya na wachapishaji wa Ulaya, lakini nyingi hazikuchapwa tena. Kwa hiyo nakala iliyo chini ya kitanda chako huenda ni miongoni mwa chache zilizosalia. Nguo ikichanika hushonwa, na sufuria ikitoboka huzibwa. Santuri ikikwanguliwa haina fundi duniani awezaye kuirudishia kilichotoka.

SAUTI IMEANDIKWA UKUTANI

Ili uelewe namna sindano inavyoweza kuharibu, yafaa uelewe kwanza inavyofanya kazi.

Chukua santuri ambayo imevunjika au imepindika na haifai tena. Kunja karatasi kama ile ya kufungia karanga, uchomeke sindano ya kushonea katika ncha yake. Zungusha santuri polepole, uiguse kwa ncha ile. Utasikia sauti nyembamba ya wimbo ikitoka katika karatasi, bila umeme wala betri. Watoto wataufurahia mchezo huo, ila waonywe wasiujaribu kwa santuri nzima, kwa maana sindano ya kushonea huikwangua vibaya.

Jaribio hilo linatuonyesha kwamba sauti imo katika santuri yenyewe. Santuri ina kifereji kimoja kirefu kinachozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, na kuta za kifereji hicho zimechongwa mawimbi. Sindano hupita humo ikitikiswa na mawimbi hayo. Kichwa kinachoishika sindano, ambacho mafundi hukiita katriji, hugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo. Amplifaya huukuza umeme huo, na spika huugeuza tena kuwa sauti.

Ni safari ndefu mno kwa kitu kidogo hivyo. Katika upande mmoja wa santuri kubwa wenye muziki wa dakika 20, sindano husafiri zaidi ya mita 400 ikiwa imeegemea kuta za kifereji. Baada ya saa 500 za kupiga muziki itakuwa imekwenda zaidi ya kilomita 600. Reli ya kutoka Tanga hadi Moshi ina kilomita 350 hivi. Basi sindano hiyo imekaribia kwenda na kurudi, ikisuguliwa njia nzima.

Wenyeji wa mashamba ya mkonge hawahitaji kuelezwa nguvu ya ncha kali. Mwiba ulio kwenye ncha ya jani la mkonge hupenya nguo nzito kwa kuguswa tu, kwa sababu nguvu yote hukusanyika mahali padogo. Hali kadhalika sindano ya santuri. Uzito wa gramu 2 si kitu mkononi mwako, lakini ukibebwa na ncha isiyoonekana vizuri kwa macho, huwa shinikizo kubwa mno juu ya plastiki. Ncha ikiwa laini na ya mviringo, huteleza. Ikiwa imelika na kufanya kingo, huchonga kama patasi. Wimbo utaendelea kusikika, lakini kila unapopigwa, sehemu yake hubaki sakafuni kama unga wa msumeno.

JE, NI SINDANO IPI?

Kosa la kwanza ni kutumia sindano isiyo ya santuri ile.

Santuri za zamani kabisa, kama zile alizorekodi Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928, huzunguka mara 78 kwa dakika. Zimetengenezwa kwa gundi inayotokana na wadudu wa India, ikichanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu na huvunjika kama kigae. Vifereji vyake ni vipana. Kwenye gramafoni za kukamata mkono, santuri hizo zilipigwa kwa sindano za chuma ambazo zilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja, na wengine Ulaya na Marekani walitumia hata sindano za mwanzi au za mwiba ili kupunguza madhara.

Mwaka 1948 Marekani ikaleta santuri ndefu ya plastiki, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata ikaja ndogo ya mizunguko 45. Vifereji vyake ni vyembamba zaidi. Ncha ya sindano ya santuri za 78 ina nusu-kipenyo cha maikromita 75 hivi, na ile ya santuri za plastiki ni maikromita 18 hadi 25. Maana yake ni kwamba ukiipiga santuri ya plastiki kwa sindano nene, ncha haiingii ndani ya kifereji, bali hupanda kingo zake na kuzibomoa. Ukiipiga santuri ya 78 kwa sindano nyembamba, ncha hushuka hadi chini kabisa palipojaa uchafu, na unachosikia ni ukelele wa mchanga.

Mashine nyingi za zamani za kubeba zina kichwa kimoja chenye sindano mbili mgongo kwa mgongo, pamoja na kijiti cha kugeuzia. Upande mmoja umeandikwa 78 na wa pili LP. Kabla ya kufanya lolote, hakikisha kijiti kimegeuzwa upande unaostahili. Ni jambo la nukta moja, nalo limeokoa santuri nyingi.

UMRI WA SINDANO

Sindano za bei nafuu huwa na ncha ya yakuti, na zile bora zina ncha ya almasi, jiwe lile lile linalochimbwa Mwadui, ingawa la sindano ni chembe tu. Yakuti huanza kuchakaa baada ya saa 50 hadi 100. Almasi hudumu saa 500 hadi 1,000 iwapo santuri ni safi. Familia inayopiga muziki saa moja kila jioni itaimaliza sindano ya yakuti katika miezi miwili au mitatu. Piga hesabu sasa ya sindano iliyokuwamo tangu mashine iliponunuliwa.

Macho hayatoshi kuitambua iliyochakaa, wala kioo cha kawaida cha kukuzia, yahitajika hadubini. Lakini sikio lina dalili zake. Sikiliza herufi "s" na "sh" katika uimbaji. Zikitoka kama mafuta yanayokaangwa, shuku sindano. Sikiliza pia mwisho wa santuri, karibu na katikati. Huko mzunguko ni mfupi, mawimbi yamebanana, na sindano mbovu hushindwa huko kwanza. Santuri ikianza vizuri na kumalizia kwa kukoroma, sindano au kichwa chake kina kasoro.

Iko kasoro nyingine ambayo huwadanganya wengi. Kijiti kinachobeba ncha hushikwa ndani ya kichwa kwa kipande kidogo cha mpira. Mpira huo, hasa katika joto la bondeni, hukauka kwa miaka hata kama mashine haikutumika. Kwa hiyo sindano iliyokaa kabatini miaka 40 inaweza kuwa na ncha mpya kabisa, na bado ikaitesa santuri kwa sababu haichezi tena inavyopasa.

Unapokwenda kununua, usiseme tu, "Nipe sindano ya santuri." Tazama namba iliyoandikwa juu ya kichwa, au chukua sindano ya zamani kama kielelezo. Sindano za vichwa vingi vya zamani zingali zikitengenezwa nchi za nje na huweza kuagizwa kwa namba hiyo. Kampuni ya Shure ya Marekani iliacha kutengeneza vichwa na sindano mwaka 2018, lakini wako wengine wanaotengeneza sindano zinazoingia katika vichwa vyake. Uangalie pia kwamba vichwa vya aina ya zamani, vyenye kipande cha kauri ndani, hutoa umeme mwingi kuliko vile vya sumaku. Ukifunga kichwa cha sumaku katika mashine iliyotengenezewa kauri, sauti itakuwa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Kichwa cha sumaku chahitaji amplifaya yenye mlango wake maalumu wa santuri.

SARAFU JUU YA MKONO

Santuri ikianza kuruka, dawa inayojulikana mitaani ni sarafu. Mtu huchukua sarafu, huibandika juu ya kichwa cha mkono, na santuri haziruki tena. Kila mtu hufurahi. Lakini sarafu ina uzito wa gramu kadhaa, na kichwa kilichotengenezwa kubebeshwa gramu 2 sasa kimebebeshwa mara mbili au tatu ya mzigo wake. Sindano haikuponywa, imekandamizwa tu ili isiruke pale inapokwama.

Wako pia wanaokwenda upande wa pili. Wanafikiri kwamba mkono ukiwa mwepesi sana santuri itasalimika. Hilo nalo ni kosa. Sindano nyepesi kupita kiasi haikai kifereji ikatulia. Hurukaruka ndani yake na kuzigonga kuta kila penye wimbi kubwa. Mtu akivuka mto wenye mkondo bila kukanyaga barabara, maji humtupa kwenye mawe. Uzito unaofaa ni ule aliouandika mtengenezaji wa kichwa, wala si pungufu wala si zaidi. Vichwa vingi vya sumaku vinataka kati ya gramu 1.5 na 2.5. Vile vya kauri vinataka zaidi, gramu 4 hadi 6 hivi.

Mashine ndogo za kubeba hupimwa uzito kwa springi iliyofichwa ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Lakini mashine yenye mkono mrefu na jiwe la mizani nyuma yake unaweza kuipima mwenyewe nyumbani. Fuata utaratibu huu.

Zima mashine, na punguza sauti ya amplifaya hadi mwisho. Weka mashine juu ya meza isiyotikisika, na uipime kwa pimamaji la mwashi ili isiinamie upande wowote. Kitufe cha kuzuia mkono kuvutwa ndani, kama kipo, kiweke kwenye sifuri. Ondoa kifuniko cha sindano, na uushike mkono kwa kidole ili sindano isigonge kitu. Sasa zungusha jiwe la nyuma taratibu, hadi mkono uelee wenyewe hewani, usipande wala usishuke, kama mizani yenye vitu sawa pande zote mbili. Rudisha mkono mahali pake pa kupumzikia. Zungusha pete yenye namba peke yake, bila kulisogeza jiwe, hadi isome sifuri. Kisha zungusha jiwe na pete pamoja, hadi zisome uzito alioutaja mtengenezaji.

Mwenye shaka na namba za pete anaweza kutumia mizani ndogo ya kielektroni, kama ile ya sonara, ambayo hupima sehemu za gramu. Sindano ishushwe juu yake pole, mahali penye kimo sawa na santuri.

KUKIELEKEZA KICHWA

Uzito ukiwa sawa, kazi haijaisha. Kichwa lazima kielekee kule kinakoelekea kifereji.

Hapa pana tatizo la kimaumbile. Mashine iliyochonga santuri ya asili ilikuwa na patasi inayokwenda katika mstari ulionyooka kutoka ukingoni hadi katikati. Lakini mkono wa nyumbani umefungwa mwisho mmoja, kwa hiyo hupita katika upinde, kama mlango unavyozunguka juu ya bawaba. Wataalamu, miongoni mwao Löfgren wa Sweden mwaka 1938, walikokotoa namna ya kuupinda mkono na kukisogeza kichwa ili makosa yawe madogo kabisa. Matokeo ya hesabu hizo ni kwamba kichwa kinaweza kuelekea sawasawa mahali pawili tu katika santuri. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati.

Kipimo hicho waweza kukichora mwenyewe kwa rula na kalamu ya risasi. Chukua karatasi ngumu, toboa tundu la kuingia kwenye ncha ya katikati ya mashine, na chora mstari ulionyooka kutoka katikati ya tundu hilo. Tia nukta penye milimita 66 na penye 121. Katika kila nukta chora mistari midogo inayoukata ule mkuu kwa pembe mraba, mmoja ukipita juu ya nukta na mingine kando yake.

Mashine ikiwa imezimwa, weka karatasi hiyo, na izungushe hadi nukta ya kwanza iwe chini ya sindano. Shusha sindano juu ya nukta. Inama utazame kutoka mbele: je, kingo za kichwa zinakwenda sambamba na ile mistari midogo? Fanya vivyo hivyo kwa nukta ya pili. Kichwa kikiwa kimepinda namna ile ile mahali pote pawili, kigeuze kidogo. Kikiwa sawa kwa nukta moja na kimepinda kwa nyingine, legeza zile parafujo mbili na ukisogeze mbele au nyuma. Rudia hadi nukta zote mbili zikubaliane, ndipo ukaze parafujo kwa bisibisi ndogo, bila kukamia. Baada ya hapo pima uzito tena, kwa sababu kichwa kilichosogezwa hubadili mizani.

Kazi hii huchukua saa nzima kwa anayeanza. Basi ifanyike mchana, penye mwanga, watoto wadogo wakiwa wamelala.

Yapo mambo mengine matatu ya kutazama. Kwanza, ukitazama kutoka ubavuni wakati sindano iko juu ya santuri, mkono uwe sambamba na santuri, usiinue mkia wala kuushusha. Pili, ukitazama kutoka mbele, kichwa kisimame wima. Ukiweka kioo kidogo mahali pa santuri, ukaishusha sindano juu yake, kichwa na kivuli chake vitafanya mstari mmoja ulionyooka iwapo mambo ni sawa. Tatu, rudi kwenye kile kitufe cha kuzuia mvuto. Mkono uliopinda huvutwa kuelekea katikati kila santuri inapozunguka, na sindano huuegemea ukuta wa ndani zaidi kuliko wa nje. Kiweke kitufe kwenye namba inayolingana na uzito wa sindano, na kuta zote mbili zitabeba mzigo sawa.

Ukilazimika kukichomoa kichwa kizima, kumbuka rangi za nyaya nne: nyeupe na buluu ni za upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni za upande wa kulia. Waya huzishikwi kwa kuvutwa. Shika kile kichuma cha mwisho kwa kibano.

MWENDO NA UMEME

Wakati mwingine sindano hulaumiwa kwa kosa la mota. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani imetengenezewa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wa Tanzania ni 50. Transfoma hupunguza nguvu ya umeme lakini haibadili mizunguko hiyo. Nyingi ya mashine hizo, hasa za zamani, huzunguka polepole: santuri ya 45 hupigwa kwa 37 na nusu, na mwimbaji mwenye sauti nyororo husikika kama mzee aliyeamshwa usingizini. Betri dhaifu hufanya vivyo hivyo katika mashine za kubeba.

Pima kwa saa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, ukihesabu kila kinapokupita. Santuri ndogo izunguke mara 45 kwa dakika moja. Santuri kubwa izunguke mara 100 kwa dakika tatu.

VUMBI LA BONDENI, KUVU LA MLIMANI

Sindano njema katika santuri chafu ni kazi bure. Vumbi likichanganyika na mafuta ya vidole huwa msasa, nalo husaga ncha na kuta kwa pamoja.

Santuri ishikwe kwa kingo zake. Kabla ya kupigwa ipanguswe kwa brashi laini, kwa kufuata mzunguko wa vifereji. Ile iliyo chafu sana ioshwe kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari, na tone la sabuni laini, kisha isuuzwe kwa maji hayo hayo na ikaushwe kivulini. Uwe mwangalifu: usije ukauziwa tindikali ya betri badala ya maji yake. Karatasi ya katikati isiloweshwe. Santuri za 78 zisiguswe kabisa na spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha ile gundi ya wadudu, na utaiona sauti ya wazee ikibaki kwenye pamba. Sindano nayo isafishwe kwa kibrashi kidogo kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume chake wala upande kwa upande.

Aliyeko bondeni asiache santuri ndani ya gari wala karibu na dirisha la jua. Plastiki yake hulegea na kupindika. Aliyeko Mazinde Juu, Soni au Lushoto azihifadhi mbali na ukuta wenye unyevu, na azitoe mara kwa mara zipate hewa, maana kuvu huanzia kwenye jalada na kuhamia kwenye vifereji. Wote wawili wazisimamishe wima kama vitabu. Rundo lililolazwa huzielemea zile za chini.

USIHARAKISHE KUZINAKILI

Siku hizi vijana wengi, kwa nia njema, hutaka kuhamishia nyimbo za wazee wao katika simu au kompyuta. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa mashine iliyotolewa stoo siku ile ile, na sindano yenye umri kuliko kijana mwenyewe. Matokeo yake ni hasara mbili: nakala iliyopatikana inakoroma, na santuri ya asili imekwanguliwa wakati wa kuinakili. Kesho sindano nzuri ikipatikana, hakutakuwa na kitu cha kunakili upya.

Utaratibu ulio bora ni kuanza na sindano, uzito na mwelekeo, kisha kuosha santuri, na ndipo kunakili. Majaribio yote yafanywe kwa santuri isiyo na thamani, si kwa ile ya harusi ya mama. Na kwa kuwa santuri ndogo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa njia moja ya sauti, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya. Sehemu ya mikwaruzo itatoweka papo hapo.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo ukiishusha ile mashine kutoka juu ya kabati, usiiwashe kwanza. Toa sarafu iliyo juu ya mkono wake, tazama kijiti kimegeukia upande gani, andika namba ya kichwa kwenye kipande cha karatasi. Santuri zimengoja miaka mingi, nazo zaweza kungoja majuma machache zaidi hadi sindano mpya ifike.